Mwanagenzi na Usukani

Je, msomaji kijana, yampasa mtu asiyejua kazi kuigusa kazi iliyobeba uhai wa wengine? Usiharakishe kujibu hapana, maana hakuna fundi aliyezaliwa na spana mkononi. Wala usiharakishe kujibu ndiyo.

Mjomba wangu alikuwa na Land Rover kuukuu, ya ukoo ule ulioonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Usukani wake ulianza kuchezacheza, kwa kuwa kiungo kimoja kilikuwa kimechakaa katika ncha ya fimbo iungayo magurudumu ya mbele. Nilijitolea kukibadilisha, ingawa sikupata kufanya hivyo kabla. Nilitia jeki, nikaweka magogo imara chini ya ekseli, nikafungua nati, nikagonga kwa nyundo mpaka kiungo kikaachia. Nilikizungusha kukitoa huku nikihesabu mizunguko, ili kipya kiingie kwa hesabu ile ile na magurudumu yasielekee upande. (Ncha moja ya fimbo hiyo hufunguka kinyume cha desturi, jambo hilo lilinigharimu saa nzima na ngozi ya kidole.)

Nati ya kiungo hicho huzuiwa na pini ndogo, isilegee kwa mtikiso wa njia. Pini ikishakunjwa na kunyoshwa haifai tena. Mpya sikuwa nayo, na duka lilikuwa limefungwa. Niliirudisha ya zamani, nikaipaka grisi. Mjomba alizungusha usukani, akanisifu. Kesho yake alikusudia kuwateremsha watoto wake kutoka Iten hadi bonde la Kerio.

Kosa langu lilianzia wapi? Si katika ujinga, maana mjomba aliujua aliponiruhusu. Lilianza pale nilipojua jambo ambalo yeye hakulijua. Wako watakaosema kwamba pini ile huenda ingedumu mwaka mzima, basi hapana aliyedhulumiwa. Siafiki. Aiendeaye hatari kwa hiari yake ni mtu huru. Apelekwaye pasipo kuambiwa amenyang'anywa hiari, hata akifika salama. Na watoto wale hawakuulizwa neno.

Usiku nilibisha mlango wa mjomba. Hakunigombeza, alisema safari itangoja duka. Asubuhi alimwita fundi mzee aitazame kazi yangu yote. Pini ilibadilishwa upesi. Kisha mzee akalala chini ya gari, akakuta nati mbili za vibano vya fimbo zimelegea, ambazo mimi sikujua kabisa kwamba hukazwa.