KUUZA MTU HURU

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametaja watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiama. Mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala bei yake. Sisi wa Maniema tusijifanye wageni wa biashara hiyo. Misafara ya Tippu Tip ilipita Kasongo na Nyangwe, na dini yetu ilikuja kwa njia ileile.

Leo mnyororo ni simu. Kijana anaahidiwa kazi ya kompyuta Thailand, tikiti analipiwa. Toka Bangkok anapelekwa kwa gari mpaka Mae Sot, anavushwa mto Moei, anajikuta Myawaddy, nchi ya Myanmar, ndani ya ukuta wenye walinzi wa bunduki. Paspoti wanaichukua. Kazi yenyewe ni kuwaandikia watu wa mbali maneno ya mapenzi kwa picha ya mtu mwingine, mpaka watoe akiba yao. Asipofikisha kiasi anapigwa, anachomwa umeme, au anauzwa kwa tajiri mwingine. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria watu 120,000 Myanmar na 100,000 Kambodia. Mwaka 2025 walitolewa maelfu, wakiwemo Waethiopia, Wakenya na Waganda.

Je, aliyelazimishwa kudanganya ni mwizi? Someni Surat Nur, aya ya 33: waliolazimishwa uchafu wameahidiwa msamaha. Basi akirudi apewe nafasi yake katika safu, na mama yake asifiche uso sokoni.

Lakini wako wanaoambiwa: lete wenzako, utatoka. Hapo wanavyuoni ni wakali. Anayelazimishwa kuua mwenziwe haruhusiwi kuua, kwani roho yake si bora kuliko ya mwenziwe. Nami naona kumwita ndugu katika shimo lile ni karibu na hilo. Yusuf naye alitiwa kisimani na watoto wa baba yake.

Wazazi, kabla ya kumpa kijana baraka za safari, muulizeni: tajiri ni nani, mkataba uko wapi, viza ni ya kazi au ya matembezi? Na anayekusanya vijana wetu kwa kamisheni, hata akiwa mtu wa safu ya mbele, sadaka ya fedha hiyo msikiti huu hauipokei.

Wabillahi tawfiq.