Zaburi za Ukutani

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo, pwani ya Afrika Kaskazini, pale panapoitwa leo Annaba, Algeria. Mwezi wa tatu wa mzingiro, askofu wa mji, Augustino, mzee wa miaka 75, akashikwa na homa. Possidius, askofu mwenzake aliyekuwa amekimbilia humo, ndiye aliyetuandikia yaliyofuata: mzee aliagiza zaburi chache za Daudi, zile za toba, zinakiliwe na kuwekwa ukutani, ili azione akiwa kitandani. Akawa anazisoma huku analia, tena kulia kwa wingi.

Ukuta huo haunitoki akilini. Huyu ni mtu aliyezifafanua Zaburi zote 150. Katika vitabu vyake hakuna kirefu kuliko ufafanuzi huo. Angetaka, angejitungia sala ya kufia, nasi tungekuwa tunaikariri hadi leo. Hakutunga. Aliyachukua maneno ya mfalme aliyezini na kuua, akayalilia kama yake. Kwetu wapo wanaoidharau sala ya kusoma, eti haitoki moyoni. Wamwambie yule mzee. Homa ikipanda kichwa hakitungi kitu, ila jicho bado laweza kuufuata mstari.

Na toba ya nini, baada ya uaskofu wa zaidi ya miaka 30? Alizoea kuwaambia wenzake kwamba hata Mkristo anayesifiwa asiage dunia bila kutubu.

Kisha akaomba jambo ambalo kwetu lingeleta maneno: asiingie mtu, ila waganga wakija kumtazama au chakula kikiletwa. Akakaa hivyo siku kama 10. Sisi mgonjwa tunamjazia chumba. Huyu anaanzisha pambio, yule anakemea, shangazi yuko ukingoni mwa kitanda anamkanda miguu, na mchungaji hata hajafika. Ni upendo, siubezi. Wako waliovuka usiku mgumu kwa kelele hizo hizo. Ila mwenyewe huwa haulizwi. Pengine ana lake na Mungu lisilosemeka mbele ya shangazi.

Augustino alifariki tarehe 28 Agosti. Wosia hakuandika, kwani mali hakuwa nayo. Alichosisitiza ni vitabu vya kanisa vitunzwe. Baadaye Kanisa lilizoea kuhesabu zaburi saba za toba, ya 51 ikiwamo, na wengi hudhani ndizo zilizokuwa pale ukutani. Huenda. Possidius hakuzitaja kwa namba. Alisema tu kwamba zilikuwa chache.