Deni Lina Saa?

Kuna swali ambalo ukilitazama haraka utadhani ni la makarani, la tarehe na fomu: mtu akilitumikia jeshi la nchi huku ameahidiwa kusomeshwa, je, ahadi hiyo yaweza kuwekewa siku ya kufa? Kwangu ni swali la haki kabla halijawa la karani. Nasi tunaokaa ng'ambo ya kisiwa, Likoni, Kisauni na Changamwe, linatuhusu kuliko tunavyofikiri, ingawa sheria nitakayoanza nayo ni ya Marekani.

Mwaka 1944, vita vikuu vikiwa bado vinaendelea, Wamarekani walipitisha sheria ya kuwasaidia wanajeshi wao wakirudi nyumbani, ile inayojulikana kama GI Bill. Watu wapatao milioni 7.8 walisoma au kujifunza ufundi kwa fedha zake. Lakini ilikuwa na kikomo: kwa wapiganaji wa vita vile, hesabu ilifungwa Julai 1956. Mwaka 2008 ikaja sheria nyingine, kwa waliotumika baada ya tarehe 10 Septemba 2001. Aliyetimiza miaka mitatu jeshini hulipiwa hadi miezi 36 ya masomo, na fedha za nyumba na vitabu juu yake, ila azitumie ndani ya miaka 15 tangu avue magwanda. Mwaka 2017 kikomo hicho kikaondolewa, lakini kwa waliotoka jeshini kuanzia tarehe 1 Januari 2013 tu.

Hebu isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Wanajeshi wawili wamelala bweni moja, wamekula chakula kimoja, wamepelekwa vita vimoja. Mmoja katoka 31 Desemba 2012, na mwisho wa 2027 haki yake inakufa. Mwenzake katoka kesho yake asubuhi, na haki yake haifi maisha. Kati yao kuna usiku mmoja tu.

Sasa, yanatuhusu nini? Wako vijana wetu waliobahatika kupata grini kadi, wakafika kule wakakuta kazi ni ngumu na karo ni ghali, wakaingia jeshini. Kuanzia 2009, kwa miaka michache, jeshi lile lilifungua mlango hata kwa baadhi ya wageni wenye viza za muda, mradi wawe na lugha iliyokuwa ikitafutwa. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Lugha hii hii tunayobishania barazani ilimpa mtu bunduki na uraia.

Mchukue kijana mmoja wa Chaani. Simtaji jina kwa sababu simsemei mtu mmoja. Nimemuumba ili tupate wa kumfikiria, na wa sura yake wapo. Ameingia jeshini 2006, ametoka 2010. Amepanga kusomea uuguzi. Kabla hajakaa darasani, simu ya nyumbani inalia. Baba kaachishwa kazi bandarini, wadogo wawili wako sekondari, na nyumba ya mabati inavuja. Kijana anaenda kuendesha lori. Analipa karo ya wa kwanza, analipa ya wa pili, anajenga vyumba vitatu vya mawe, anamuuguza mama hadi anamzika. Anapoinua kichwa ni 2025. Wadogo zake wana diploma. Yeye ana miezi 36 ya masomo ambayo hakugusa hata mmoja, na mlango umefungwa. Hakuna aliyemdhulumu kwa nia mbaya, na karani akimwonyesha tarehe atakuwa anasema kweli. Basi kwa nini moyo unakataa kusema ni sawa?

Nadhani jawabu limo katika maneno matatu tuliyo nayo: zawadi, ujira na deni. Zawadi ni hiari ya mtoaji. Akikuambia njoo uichukue kabla ya magharibi, usipofika huna la kulalamika. Ujira ni haki ya aliyefanya kazi, na deni ni ujira uliocheleweshwa. Sasa haya masomo ya askari ni lipi katika matatu? Siku ya kuandikishwa hakuambiwa atapewa zawadi. Aliambiwa: toa miaka, weka mwili wako hatarini, nasi tutakusomesha. Yeye ametimiza upande wake kwanza, na kilichobaki ni upande wa pili. Hiyo ni kazi iliyokwisha fanywa na malipo yaliyobaki, na jina lake ni deni.

Na sisi tumelelewa vipi kuhusu deni? Tunasema dawa ya deni ni kulipa. Maiti haijafika makaburini, ndugu anasimama mbele ya jamaa kuuliza kama kuna anayemdai marehemu, na Waislamu wanajua kwamba deni hutolewa kabla mirathi haijagawanywa. Tunafundishwa pia kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka. Angalia vizuri saa hiyo imewekewa nani. Ni ya anayedaiwa. Yeye ndiye anayeambiwa aharakishe, na mwenye haki haambiwi kwamba jasho likikauka kabla hajaja kudai, amekosa. Sheria ya miaka 15 imeigeuza saa, ikamvisha anayedai.

Niliwahi kulitupa swali hili barazani Likoni mbele ya mzee mmoja aliyestaafu kutoka Jeshi la Wanamaji, pale Mtongwe. Nilidhani atakuwa upande wa kijana. Wapi!

"Mwanangu," akaniambia, "jeshini kila kitu kina saa. Serikali haiwezi kuacha gunia wazi milele, haitajua imebakiwa na kiasi gani. Halafu ile pesa ni ya kumsaidia mtu kurudi uraiani. Miaka 15 si ameshajipanga huyo? Na tatu, binadamu usipompa tarehe hasogei. Ataambiwa nenda kasome, atasema kesho, mpaka meno yang'oke."

Hoja zake si za kupuuzwa, na watetezi wengi wa vikomo hawana zaidi ya hizo tatu. Nilimwambia, "Mzee wangu, niruhusu nizichukue moja moja."

Ya gunia kwanza. Miezi 36 ni miezi 36, haiongezeki mtu akizeeka. Serikali ilijua ukubwa wa deni siku ile ile ya kumwandikisha. Kinachopunguzwa na kikomo ni idadi ya watakaofika kuchukua. Kwa hiyo bajeti inanyooka kwa sababu wengine watashindwa kufika, na wanaoshindwa si wale wenye baba wa kuwalipia kodi ya nyumba. Ni wa Chaani, ni mama aliyetoka jeshini ana mtoto mchanga, ni aliyerudi na akili iliyovurugika na vita. Akiba inayopatikana hivyo inatoka mfukoni mwa walioelemewa zaidi.

Ya pili, kwamba baada ya muda fulani mtu ameshajipanga. Hapa Kenya tuna jawabu linalojulikana dunia nzima. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, mzee Kimani Maruge aliyewahi kupigana katika Mau Mau alikwenda shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mapema 2004, akaomba darasa la kwanza. Alikuwa na miaka 84. Alikaa na watoto wa umri wa vitukuu vyake, na mwaka uliofuata alikwenda New York, Umoja wa Mataifa, kuisemea elimu ya msingi bila malipo. Alifariki 2009. Ni kweli hakupewa nafasi ile kwa sababu alikuwa mpiganaji. Aliipata kwa sababu tangazo lilisema elimu ni bure na halikusema mwisho wa umri. Lakini ndiyo maana namtaja. Zaidi ya miaka 40 ya uhuru haikuwa imemwondolea hamu ya kusoma, wala haja yake. "Ameshajipanga" ni neno la anayemtazama mtu kwa nje.

Ya tatu ndiyo ngumu, na nilimkubalia mzee kwa sehemu. Tarehe inamsukuma mtu, na wangapi kati yetu wangefanya mtihani kama hakungekuwa na siku ya mtihani? Tena sheria zetu wenyewe zina vikomo. Kenya, mwenye kudai kwa mkataba ana miaka 6 ya kwenda mahakamani. Kwenye ardhi ni miaka 12, na watu wa Likoni na Kisauni waijua hesabu hiyo kwa kichwa, manake wako walioishi kwenye mashamba ya wenye hati wasioonekana, wakisubiri miaka hiyo itimie. Wengi wetu huona kuna haki ndani yake: aliyeiacha ardhi yake, asiilime wala kuiulizia, sheria haimwamshi.

Lakini sheria hiyo hiyo ina huruma ambayo ile ya miaka 15 ina uhaba nayo. Mwenye dai akiwa mtoto, au akili zake haziko sawa, saa husimama mpaka aweze kujisimamia. Maana yake, kikomo kimekusudiwa kumkamata aliyelala, si aliyefungwa. Vilevile, sababu kubwa ya vikomo vya mahakama ni ushahidi: karatasi hupotea, mashahidi hufa. Askari hana shida hiyo. Tarehe ya kuingia, ya kutoka, na mahali alipopelekwa, vyote vimo katika faili za anayedaiwa mwenyewe.

Kwa haki, niseme kwamba Wamarekani nao humwongezea muda askari aliyezuiwa na ugonjwa au ulemavu. Ni jambo jema. Ila fikiria kisichohesabiwa hapo. Kulea wadogo zako hakuna cheti cha daktari. Kumuuguza mama hakuna fomu. Kwa macho ya sheria kijana wa Chaani alikuwa huru miaka yote 15, na akakaa. Kwa macho yetu huyo hakulala hata siku moja. Alikuwa akilipa karo za watu wawili kwa gari la mizigo.

Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kosa si kuwa na saa. Kosa ni saa isiyojua mtu yuko wapi." Sikuwa na la kuongeza.

Tusiwacheke Wamarekani, maana hesabu yetu ni mbaya zaidi. Katika vita vya kwanza vya dunia, watu wa Afrika Mashariki walibebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza, na waliouawa na maradhi na njaa walizidi waliouawa na risasi. Tumebakiwa na majina ya mitaa, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na sanamu za askari pale kisiwani Mombasa. Mishahara mingi ya waliokufa haikufika kwa jamaa zao. Ilikaa serikalini kama fedha zisizo na mwenyewe. Lakini mwenyewe alikuwepo, ni mjane kijijini ambaye hakuna aliyekwenda kumwambia. Vita vilipokwisha, wazungu waliopigana walitengewa mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Hao hawakuhitaji kukumbushwa na mtu kudai. Kikomo hakianguki sawa juu ya wanaojua na wasiojua.

Leo Kenya ina Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022, na ina wastaafu ambao bado ni vijana, waliokwenda Somalia kuanzia Oktoba 2011. Wengine wako hapa hapa, wanalinda mageti ya hoteli na kuendesha bodaboda. Kila kanuni ya kuwahudumia itakapoandikwa, mtu atauliza: wakae muda gani bila kudai ndipo tufunge? Ningependa aulizwe kwanza maswali mawili. Umemtafuta ukamwambia ana haki gani, au umengoja aje? Na miaka unayomhesabia, ni ipi aliyokuwa nayo mikononi mwake kweli?

Akishayajibu hayo, mimi sina ugomvi na tarehe. Awekewe tarehe ya kukumbushwa, apigiwe simu, atumiwe barua, aulizwe kila baada ya miaka mitano kama yuko tayari. Hiyo ni saa ya anayedaiwa anayetaka kulipa. Lakini ile ya kuhesabu kimya kimya mpaka mwenye haki achelewe ni saa ya mtu aliyefurahi kwamba mdai hakutokea. Na tunawajua watu wa namna hiyo mtaani. Ukipita kwake anazima taa, mwaka ukiisha anakuambia, "Si ungekuja mapema?"

Deni lenyewe haliozi. Kinachooza ni uso wa anayedaiwa.