Nisomee Majina

Mwanangu, jana nimeona umemwingiza yule kijana wa mafunzo kwenye shirika letu la npm, tunakochapishia vifurushi vyetu vya msimbo, tena ukampa cheo cha owner, eti asisumbuke kuomba ruhusa. Hebu keti kidogo.

Unajua umempa nini? Owner anaweza kukutoa wewe, akanitoa na mimi mzee wako, kisha akalifuta shirika lenyewe. Admin hupanga timu na kuamua nani aguse kifurushi kipi. Developer huchapisha kazi, na kwa mtu wa wiki mbili hata hicho si cheo kidogo. Chombo chenyewe kimekushinda adabu: ukiandika npm org set, jina la shirika na jina la mtu, ukaacha cheo, kinampa developer. Lile neno la juu uliliongeza kwa mkono wako.

Mwaka 2018 Dominic Tarr alikuwa hana tena hamu ya kutunza kifurushi chake cha npm, event-stream, kazi isiyomlipa kitu. Mtu asiyemjua akamwandikia barua pepe akiomba kuitunza, akamwachia. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na lake, na mwanzoni akalima vizuri. Septemba akaingiza kifurushi kingine, flatmap-stream, na baadaye ndani yake mkafichwa msimbo wa kuiba bitcoin za watumiaji wa pochi ya Copay. Ilipofika Novemba ndipo watu wakashtuka, na event-stream ilikuwa ikipakuliwa zaidi ya mara milioni moja kwa wiki. Simcheki Tarr. Nani kati yetu hajachoka?

Mimi nina aibu yangu. Kazini kwangu kwa zamani, siku moja nilipiga npm org ls, nikaona jina la mwenzetu aliyeondoka miaka miwili nyuma. Tulimwaga kwa pilau, tukachukua laptopu na kadi ya mlango. Mbele ya jina lake: owner. Nikapiga npm org rm, nikaenda zangu kunywa chai. Wiki iliyofuata nikamkuta tena! Kifurushi chetu cha kale, kilichozaliwa kabla ya shirika, kisicho na alama ya @ mbele ya jina, kilikuwa na orodha yake chenyewe ya wamiliki, na npm owner ls ndiyo iliyonionyesha. Yeye hakuwa mwizi hata kidogo. Ila nenosiri lake lingeibwa huko aliko, mwizi angeingilia kwetu.

Na usibaki owner peke yako pia. Simu yenye namba zako za kuthibitisha ikidondoka kwenye daladala, nani atakufungulia?

Haya, fungua terminali. Piga npm org ls, unisomee majina taratibu, na kila jina uniambie mwenyewe yuko wapi leo.