Kodi ya moto niulizeni kwanza

Juma hili kibanda cha fundi cherehani kimeteketea katika soko moja la huku Gasorwe, Muyinga. Watu walikimbia na mabeseni na ndoo, vijana wakakata migomba wakaitupia motoni kwa kuwa ina maji, akina mama wakamwaga mchanga. Vitenge vya wateja vikaisha vyote, cherehani ikabaki chuma cheusi. Zimamoto hakuna aliyewaita. Angeanza kumpigia nani? Kesho yake asubuhi, majivu bado yanafuka, mtoza ushuru akapita na kitabu chake cha risiti, akawakatia majirani wa kibanda kile kama kawaida.

Simlaumu, ametumwa. Linaloniudhi ni kwamba fedha hiyo inajua njia ya kutoka Gasorwe, ya kurudi haijui.

Na si kwamba hatujapata funzo. Januari 27, 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua mchana kweupe, mjini penyewe, hadi Rwanda ikatuletea msaada wa helikopta. Desemba 7, 2021, moto ukaingia gereza la Gitega, mji mkuu wa kisiasa, na serikali ikatangaza vifo 38. Ikiwa huko kulikuwa hivyo, sisi wa vijijini tungoje nini?

Nataka basi tuulizwe kwa kura kama tulipe kodi ya zimamoto sokoni. Najua nitakachojibiwa. “Mwandishi, watu wanatafuta mbegu ya maharage, wewe unawaletea kodi nyingine?” Haya. Lakini mwenye kibanda akiunguliwa, nani anamchangia? Ni sisi: mmoja anatoa bati, mwingine elfu mbili, kanisa na msikiti navyo vinapitisha sahani. Kodi ya moto tunailipa tayari, ila tunailipa mali ikishakuwa majivu.

Wenzetu wana njia zao za kukusanya kodi. Tanzania, tangu Agosti 2021, kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme wa kulipia kabla, LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wepesi ulioje! Ila mnunuzi wa umeme haulizwi lolote, wala risiti haimwambii kiasi gani kimekwenda kwa zimamoto, na makato hayo yalianza mwezi mmoja tu baada ya soko la Kariakoo kuungua. Marekani, katika jimbo la Washington, wilaya ya zimamoto ikitaka kupandisha kodi ya nyumba kupita kikomo cha sheria, sharti iwaendee wakazi kwa kura. Wakikataa, imekataliwa.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Juni 2025 tulipanga foleni kuchagua madiwani wa tarafa mpya, tarafa 42 nchi nzima. Tuliaminiwa kuchagua watu. Kuchagua matumizi ya mia zetu, je, hatuna akili hiyo? Labda kuna hoja nisiyoiona. Sijaisikia bado.

Mimi ningepiga kura ya ndiyo, kwa masharti. Mwenye duka la matofali alipe zaidi ya muuza nyanya wa chini, na mkimbizi wa kambini anayeuza sabuni aachwe. Fedha ikae kwenye akaunti yake peke yake, hesabu ibandikwe ukutani sokoni. Na tusianze na gari kubwa jekundu litakalokosa mafuta: tangi la maji pale pale, pampu na mipira yake, vijana waliofunzwa, namba moja ya simu inayopokelewa usiku.

Bila hayo, kura yangu ni hapana.