Machozi kwa Ajili ya Mtu Asiyekuwepo



Vijana wapendwa, leo tuna swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kucheka. Unasoma riwaya, au unaangalia tamthilia kwenye simu usiku, mhusika anakufa, na wewe unalia. Unalia kweli, mpaka mto unaloa. Sasa jiulize: unamlilia nani? Huyo mtu hajawahi kuzaliwa. Hana mama, hana kaburi. Kuna mtu alikaa mezani akamtunga, na wewe unalijua hilo vizuri kabisa. Mbona basi machozi yanatoka?

Mwaka 1975 mwanafalsafa Mwingereza aitwaye Colin Radford aliandika makala juu ya jambo hili, akitumia mfano wa Anna Karenina, yule mwanamke wa kwenye riwaya ya Tolstoy. Alisema kuwalilia watu wa kutungwa ni kawaida yetu binadamu, lakini ukikaa ukalipima, jambo lenyewe linajipinga. Tangu hapo wasomi wamebishana sana. Yaani wapo watu vyuoni ambao kazi yao ya kila siku ni kuuliza sanaa inafanya nini ndani ya moyo wa mtu, na kama hisia inayoletwa na hadithi au wimbo ni ya kweli au ya uongo.

Najua unachofikiria. Hiyo nayo ni kazi?

Mchukulie kijana wa Chemchem, hapa Tabora mjini, anayemaliza kidato cha sita na kusema nyumbani kwamba anataka kusomea falsafa au fasihi. Atajibiwa nini? Mjomba atauliza, "Utakula nini?" Shangazi naye ataongeza, "Mwenzio anasomea uuguzi, wewe unataka kusomea kulia?" Tusiwacheke wazee wetu. Ada imetoka kwenye tumbaku na asali, na nyuma yako kuna wadogo zako wanne wanasubiri. Kwa hiyo swali ni zito: je, ni halali mbele za Mungu mtu kutumia akili yake, ujana wake na jasho la wazazi wake kuchunguza machozi ya hadithi, wakati nyumba ya pili kuna mgonjwa wa kweli?

Anayeweza kumtetea shangazi vizuri kuliko wote ni mtakatifu wetu, Augustino. Katika Maungamo yake anasimulia alivyopenda michezo ya jukwaani alipokuwa kijana kule Karthago. Alilia kwa ajili ya Dido, malkia wa kwenye shairi la Virgili, na baadaye akajishangaa: alikuwa na machozi kwa mwanamke wa kwenye shairi, lakini hakuwa na hata tone moja kwa roho yake mwenyewe iliyokuwa mbali na Mungu. Anaona pia jambo la hatari zaidi. Mtazamaji wa mchezo haitwi kwenda kumsaidia yeyote. Anaitwa kuhuzunika tu, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyofurahia. Huruma gani hiyo inayofurahia maumivu na hainyanyui mkono?

Hapo Augustino ametugusa, si ndiyo? Tunaijua hali hiyo. Mtu analia na tamthilia saa mbili usiku, saa tatu anamfokea dada wa kazi. Ijumaa ya Kwaresima tunalia kwenye Njia ya Msalaba, tukitoka nje tunampita yule mzee aliyekaa mlangoni mwa kanisa. Na ukumbuke kituo cha nane. Yesu anakutana na wanawake wa Yerusalemu wanaomlilia, naye anawaambia wasimlilie yeye bali wajililie wenyewe na watoto wao (Luka 23:28). Hakuwakataza kulia. Aliwaonyesha machozi yao yaelekee wapi.

Basi tuseme sanaa inatudanganya, tuachane nayo? Subiri kidogo. Fungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Mfalme Daudi amemchukua Bathsheba, mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Mungu anamtuma nabii Nathani. Nathani angeweza kuanza na mashtaka. Badala yake anasimulia hadithi: tajiri mmoja mwenye kondoo wengi, na maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu, aliyemlea kama binti yake. Tajiri akapata mgeni, akamchinja yule wa maskini. Daudi anawaka hasira, anasema mtu huyo anastahili kufa. Ndipo Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe, Daudi.

Angalia vizuri kilichotokea. Mwanakondoo yule hakuwepo. Tajiri yule hakuwepo. Lakini hasira ya Daudi ilikuwa ya kweli, na ilikuwa hasira ya haki. Kwa habari ya Uria moyo wake ulikuwa umeshafungwa kwa makufuli, kila kosa lina kisingizio chake. Hadithi ikapita mlango ambao hakuwa ameufunga. Kwa siku nyingi hakuhisi kitu kwa mtu aliyemwua, kumbe uwezo wa kuhisi bado alikuwa nao. Alihitaji mtu wa kuuamsha, na wa kumwonyesha pa kuupeleka.

Hivyo ndivyo ninavyomjibu Radford, na ndivyo ninavyomjibu shangazi pia. Machozi ya hadithi si ya bure, ila ni deni. Hadithi imekukopesha huruma kabla hujamwona mwenye kuistahili. Ukiishia kwenye skrini, umekula mkopo hujalipa. Ukitoka ukamwona Uria wako, umelipa. Na kwa kuwa deni hili ni rahisi kulikimbia, jamii inahitaji watu wanaojua linavyofanya kazi.

Sisi tuliwahi kuwa naye mmoja mkubwa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1971 ikatoka riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Jina hilo kila Mkatoliki analijua: ni sifa ya Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Lakini Rosa wa Kezilahabi ni binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mlevi na mkali, asiyefundishwa kupenda wala kupendwa, akaenda shule akiwa hana ulinzi wowote moyoni, akapotea, na mwisho akajitoa uhai. Kwa muda kitabu kilizuiwa mashuleni. Baadaye kikaruhusiwa, na wanafunzi wengi wa nchi hii wamekisoma darasani.

Waliokizuia waliogopa kwamba kijana akisoma habari za dhambi ataiga. Hofu hiyo si ya kudharau. Lakini fikiria baba mkali anayesoma habari za Zakaria, baba yake Rosa. Ukimwambia ana kwa ana kwamba ukali wake unamharibu binti yake, atakufukuza. Akisoma hadithi, anaweza kumchukia Zakaria kwanza, halafu akajikuta mahali pa Daudi. Kwa hiyo swali la kama kitabu kile kilitakiwa kuzuiwa au kusomwa lina uhai wa mabinti wa kweli ndani yake. Nani atalijibu? Hapo ndipo unapohitaji mtu aliyekaa miaka akisoma hadithi inavyougusa moyo.

Kezilahabi mwenyewe hakuishia kwenye kuandika. Mwaka 1974 alitoa diwani iitwayo Kichomi, jina la yale maumivu makali ya kifuani, ikiwa na mashairi yasiyofuata vina na mizani, na mabishano yakawa makubwa: je, bila vina ni shairi? Yeye aliendelea kufundisha na kufikiri. Mwaka 1985 alipata udaktari Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Baadaye alifundisha Botswana, na alifariki Januari 2020. Maisha mazima ya msomi kwa swali moja: tunaposoma, tunaguswa na nini, na tunaelewa kwa macho ya nani? Mimi siwezi kusema alipoteza muda.

Sasa kuna mwingine ambaye Kanisa limemtangaza mtakatifu. Edith Stein, binti Myahudi wa Ujerumani, aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1916, chini ya mwanafalsafa Husserl, juu ya jinsi mtu anavyoweza kuhisi na kuelewa yaliyo moyoni mwa mwenzake. Mada ya hewani? Katikati ya masomo hayo, mwaka 1915, alikwenda kujitolea kuwauguza askari katika hospitali ya vita. Mchana wa uuguzi na usiku wa falsafa vilikuwa vya swali lile lile. Alitafuta nafasi ya kufundisha chuo kikuu akakataliwa, maana alikuwa mwanamke. Alibatizwa tarehe 1 Januari 1922, akaingia Karmeli mwaka 1933, akaitwa Teresa Benedikta wa Msalaba. Agosti 1942 Wanazi walimkamata, na waliomwona kambini Westerbork walisimulia alivyowaosha na kuwalisha watoto ambao mama zao walikuwa wamevunjika moyo kabisa. Tarehe 9 Agosti aliuawa Auschwitz. Shangazi akiuliza, "Unesi au kulia?", huyu mama anajibu kwa maisha yake kwamba si lazima vigombane.

Na sisi wa Tabora tuna sababu yetu wenyewe ya kulijali jambo hili. Mji wetu ulikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja, na walitembea wakiimba. Wimbo haukupunguza uzito hata kidogo, ila mguu ulipata mwendo na mtu alijua hayuko peke yake. Hiyo ni sanaa ikifanya kazi ya huruma.

Lakini njia ile ile ilipitisha pia watu waliotekwa, wenye minyororo shingoni. Leo miembe mikubwa ya njia ile ni mizuri, kivuli chake kitamu, mtu anapiga picha na kuiweka mtandaoni. Uzuri wake ni wa kweli. Waliopita chini yake wakilia nao walikuwa wa kweli. Ukiuhisi uzuri peke yake umewafuta watu. Ukikataa uzuri kabisa umemnyima Mungu sifa. Moyo unatakiwa ufundishwe kubeba vyote viwili, na kufundisha moyo ni kazi ngumu, inataka watu walioisomea. Katekisimu (namba 1767) inatufundisha kwamba hisia zenyewe si nzuri wala mbaya kimaadili. Zinakuwa hivyo kadiri zinavyoongozwa na akili na utashi. Hata Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro, akijua kabisa kwamba anakwenda kumfufua. Machozi yale yalikuwa ya upendo, na baada yake alifanya jambo.

Basi wewe unayesikia wito huu, nakuomba mambo matatu.

Kwanza, usimdanganye mjomba. Mwambie wazi kwamba njia hii haina utajiri wa haraka, halafu mwonyeshe mpango wako: utafundisha, utaandika, utahariri, utasaidia wadogo zako kwa namna gani. Kuheshimu wazazi ni amri. Wito unaokwepa hesabu ya ada hauna ukomavu.

Pili, soma kwa magoti na kwa jasho. Mseminari anasoma falsafa kabla ya teolojia kwa sababu Kanisa linaamini kufikiri sawasawa ni sehemu ya kumpenda Mungu. Papa Fransisko, aliyewahi kufundisha fasihi alipokuwa Mjesuiti kijana, aliandika barua nzima Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Hauko peke yako.

Tatu, na hili ni kwa wote, hata wewe unayesomea uhasibu: ukilia na hadithi, usilale kabla hujajiuliza, "Uria wangu ni nani?" Labda ni yule dada wa kazi. Labda ni ndugu ambaye hamjasalimiana tangu msiba wa bibi. Kesho yake nenda. Peleka hata salamu.

Tuombe: Ee Bwana, uliyelia pamoja na Martha na Maria, utupe macho yanayolia na mikono inayofuata macho. Wabariki wanaotunga, wanaoimba na wanaofikiri, wasitufanye tupende huzuni tu bali tumpende aliye na huzuni. Amina.

Mtakatifu Augustino, utuombee.
Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, utuombee.