Manukato Yanayobisha Hodi

Kuna manukato yanayoingia chumbani kabla ya mwenyewe, na siku hizi ndiyo yanayosifiwa zaidi. Muuzaji hukuhakikishia kwamba yatadumu mpaka kesho, na kwamba watu watakunusa ungali mlangoni. Mimi napenda yanayobisha hodi na kungoja yakaribishwe. Ndiyo maana leo nayasemea Murasaki, manukato ambayo Shiseido ya Japani iliyatoa mwaka 1980.

Ukiyapaka kwenye kifundo cha mkono, kinachokuja kwanza si ua. Ni ubichi, harufu ya bua lililovunjwa sasa hivi, lenye uchungu kidogo. Ubichi huo hutokana na galbanumu, utomvu wa mmea unaoota Iran, ambao Biblia ya Kiswahili huutaja kwa jina la kelbena miongoni mwa viungo vya uvumba. Baadaye uchungu hulegea. Mimi hapo nasikia waridi, kisha ua jeupe nisiloweza kulitaja kwa hakika, na hakuna linalompiku mwenzake. Chini yake kuna airisi, ambayo harufu yake haitoki kwenye ua bali kwenye mzizi uliochimbwa, ukamenywa, ukaachwa miaka kadhaa ndipo unukie. Sukari haimo kabisa. Saa chache zikipita, sharti uusogeze mkono puani. Aliyekaa kiti cha pili hana habari.

Murasaki ni rangi ya zambarau, na ndilo jina analojulikana nalo Murasaki Shikibu, bibi wa kasri la Kyoto aliyeandika hadithi ya Genji mwanzoni mwa karne ya 11. Watu wa kasri hilo walisaga udi, sandali na karafuu, wakakanda kwa asali, kisha wakatandaza nguo juu ya moshi wake. Hadithini mtu hutambulika gizani kwa harufu ya mavazi yake, na ipo sura nzima ya kushindanisha michanganyiko. Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kufasiriwa hayo. Chetezo anakijua, na nguo zake za sikukuu zimeshapita juu ya makaa.

Huko huko Japani, mjini Nara, katika hazina ya Shosoin, limehifadhiwa gogo la udi liitwalo Ranjatai, lenye urefu wa sentimita 156. Limekatwa vipande mara nyingi, na baadhi ya sehemu zilizokatwa zina vibandiko vya majina. Mwaka 1574 Oda Nobunaga, mbabe wa vita ambaye wachache walithubutu kumkatalia neno, aliomba idhini ya mfalme, akachukua vipande vidogo tu. Mfalme Meiji naye alikata chake mwaka 1877. Gogo lenyewe bado lipo. Kila ninapolifikiria, naona kwamba kujizuia si unyonge, maana Nobunaga angeweza kulibeba lote.

Wapo wanaosema manukato ya aina hii ni ubaridi, kwamba mwanamke aliyejipaka Murasaki anaogopa kuonekana. Sikubaliani nao hata kidogo. Wahenga wetu walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi tukiwa wepesi wa kuirudia methali hiyo tunapozungumzia tabia za vijana, basi na tuikumbuke tunapobonyeza chupa. Mtu asiyependa rangi ya gauni langu anaweza kutazama pembeni. Pumzi hawezi kuizuia. Mjamzito aliyebanwa nami kwenye daladala, mtoto mwenye pumu aliye dawati la mbele, mzee anayeswali ubavuni mwangu, wote wanavuta nilichojipulizia bila kuulizwa.

Arusini mambo ni mengine. Huko nifukizeni udi mpaka ushungi wote unukie, na asmini nivisheni, kwa kuwa kila aliyekuja amekuja kwa ajili hiyo na harufu ni sehemu ya karamu yenyewe. Lakini ninapokwenda wodini kumjulia hali mgonjwa, ambaye hawezi kuinuka akafungua dirisha, nataka kitu cha kijani, chepesi, ambacho yeye mwenyewe atakisikia nikiinama kumshika mkono, na ambacho kitaondoka pamoja nami.